Bonasi Imeingia? Soma Hii Kabla Ubebe Saa ya Wapiga Mbizi

Msee wa Boito, bonasi ya chai ikigonga simu na unataka ile saa ya mbizi ya luku ya kizamani, tulia kwanza. Mimi nilibeba moja kwa kibanda nikidhani nimeokota dili. Mvua moja tu ya huku, kioo kikajaa mvuke. Doo ikaenda hivyo.

Otomatiki haina betri. Ndani kuna kichuma kizito kinazunguka ukisongesha mkono, kinakaza springi. Ukichuna majani siku nzima, haiwezi lala. Iache kwa meza wikendi yote, itazima.

Sasa cheki mshale wa sekunde. Ukiruka tik, tik, mara moja kila sekunde, hiyo ni ya betri hata kama imeandikwa "automatic". Ya ukweli inateleza.

Seiko walitoa saa yao ya kwanza ya mbizi 1965. SKX007 yao ya 1996 ndio kila mtu anataka, ndio maana feki ni mob. Seiko 5 Sports za siku hizi zinafanana nayo, lakini nyingi ni mita 100 na kile kifundo cha pembeni hakifungwi kama skrubu. Kama ni luku tu, sawa. Kama utaingia maji kila siku, Orient Mako ni mita 200, kifundo ni cha skrubu, na kawaida bei ni poa.

Muuzaji akikataa uiangalie dakika nzima, rudisha simu mfukoni ushuke stage.