Lami ya uani: kuipaka dawa au kuiacha?

Msikilizaji mmoja, mstaafu, ameniletea swali ambalo bila shaka linawahusu wengi wenye nyumba mjini. Njia ya gari kutoka getini hadi barazani aliiwekea lami. Sasa imepauka, na fundi anataka sehemu nono ya kiinua mgongo chake ili aipake dawa nyeusi ya kuzuia maji. Je, ni matumizi au ni hasara?

Ndugu zangu, kwanza tuelewe jinsi lami inavyozeeka. Ni kokoto na mchanga vilivyoshikamanishwa kwa kinata kitokanacho na mafuta ghafi. Jua na hewa hukikausha kinata hicho kikawa kigumu, rangi ikageuka kijivu, na nyufa zikaanza. Maji ya mvua yakipenya humo hulainisha udongo wa chini, na tairi humalizia kazi. Dizeli na oili zinazovuja nazo huiyeyusha lami, kwa kuwa ni ndugu wa tumbo moja.

Hiyo dawa huikinga lami na jua, maji na oili. Hapo fundi hasemi uongo. Uongo huanza anapodai kwamba itafufua lami iliyokwisha kufa. La hasha! Ni ngozi nyembamba tu, haibebi uzito. Mahali palipotitia, au penye nyufa mfano wa magamba ya mamba, ugonjwa uko chini, kwenye kifusi ambacho pengine hakikushindiliwa. Kupaka juu yake ni kumpaka mgonjwa poda.

Kwa hiyo, kama fedha ni haba, mimi ningeanza na mfereji, maji yasituame. Kisha ningeziba nyufa. Zikisalia fedha, ndipo nipake. Lami mpya iachwe miezi kadhaa kwanza, na kazi isirudiwe kila mwaka, maana tabaka zikizidi hubanduka. Miaka 3 hadi 5 yatosha.

Tena kuna hili la afya, ambalo mafundi hawalitaji. Baadhi ya dawa hizo hutengenezwa kwa lami ya makaa ya mawe, yenye kemikali zinazoweza kuleta saratani. Vumbi lake huingia ndani kwa viatu, na sakafuni ndiko watoto wanakotambaa. Huko Marekani, mji wa Austin ulizipiga marufuku mwaka 2006, na jimbo la Washington likafuata mwaka 2011. Mwambie fundi alete kopo lenyewe, usome maandishi yake kabla hajalifungua.