Walikuwemo Wangapi? Utangulizi wa Elimu ya Taarifa na Uamuzi Wakati wa Maafa

Alasiri ya Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa kimebakiza mwendo mfupi tu kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kilikuwa kinatoka Bugorora, Ukerewe, siku ya gulio, kimejaa watu na mizigo yao. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Baada yao wakaja viongozi, na kila walipogeuka waliulizwa: walikuwemo wangapi? Hapakuwa na wa kujibu. Baadhi ya wahudumu na vifaa vya kukatia tiketi vilikuwa vimepotelea majini. Siku chache baadaye idadi ya waliofariki ilikuwa imepita 220.

Litazame swali hilo vizuri. Mvuvi aliyeko majini halihitaji hata kidogo. Yeye anafuata kichwa kinachoibuka. Mkuu wa operesheni analihitaji, lakini makadirio yanamtosha: ndani wamebaki kumi au mia, wazamiaji waliopo wanatosha au waongezwe, kazi iendelee gizani au isubiri kukuche. Ndugu wa marehemu na mahakama wao wanataka jina kwa jina, bila kukosea hata moja, ila wanaweza kungoja wiki kadhaa. Nambari ni hiyo hiyo moja, lakini kila mmoja anaitaka kwa saa yake na kwa usahihi wake. Elimu ninayokukaribisha humu inaanzia hapo. Kabla ya kuuliza ni taarifa zipi zipatikane, inauliza ni nani anayeamua, anaamua nini, mwisho wa uamuzi huo ni saa ngapi, na ni jambo gani akilijua atabadili nia.

Kipande cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Ukimpelekea mkuu wa wilaya takwimu ambayo, iwe kubwa iwe ndogo, atafanya lile lile alilokwisha kusudia, umempotezea dakika zake, na pengine umempotezea mtu uhai. Uokoaji wa Ukara ulisitishwa usiku ule, ukaendelea asubuhi. Jumamosi fundi mitambo wa kivuko alitolewa akiwa hai, baada ya kukaa siku mbili ndani ya chombo kilichopinduka. Kwa anayeongoza uokoaji, kujua kwamba mle ndani kuna sehemu yenye hewa ni jambo zito kuliko orodha nzima ya abiria.

Watu wa Mwanza wana kisa kikali zaidi cha hewa hiyo hiyo. Meli ya MV Bukoba ilipopinduka tarehe 21 Mei 1996 haikuzama mara moja. Ilielea kifudifudi, na waliokuwa nje wakasikia watu wakigonga kutoka ndani. Kama ilivyosimuliwa na kuandikwa mara nyingi, tundu likakatwa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, meli ikaenda chini. Waliokata walikuwa wakijaribu kuokoa. Kwamba meli iliyopinduka huelea kwa hewa iliyonaswa ndani yake ni jambo linalofahamika kwa wajenzi wa meli, nao walikuwako nchini. Ila hawakuwa juu ya ile meli saa ile. Kwa hiyo mara nyingi tunaposema taarifa hazikuwapo, ukweli ni kwamba zilikuwa kichwani mwa mtu ambaye hakuna aliyefikiria kumpigia simu.

Wazee wa taaluma hii ni wanasosholojia. Enrico Quarantelli na Russell Dynes walikuwa miongoni mwa waasisi wa kituo cha utafiti wa maafa katika Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 1963, kituo ambacho baadaye kilihamia Delaware. Walichokikuta kiliwashangaza maofisa wa ulinzi wa raia wa zama zile: watu waliokumbwa na maafa ni nadra kupagawa na kukimbia ovyo. Huanza kuokoana wao kwa wao, majirani kwa majirani, kabla gari lolote la serikali halijawashwa. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia Gary Klein alikwenda kuwachunguza makamanda wa zimamoto wa Marekani akitarajia kuwaona wakilinganisha njia mbalimbali kisha kuchagua iliyo bora. Hawakulinganisha. Kamanda mzoefu alilitazama jengo linalowaka, akaona linafanana na moto aliokwisha kupambana nao, akashika njia ya kwanza iliyoonekana kufaa, akibadili akiona haifai. Mbuni wa fomu yenye safu arobaini angefanya vyema kumsoma Klein kabla hajaipeleka fomu yake kwa mtu aliyesimama kwenye maji ya magoti.

Upande wa taasisi nitaupita haraka, maana vitabu vyake ni vingi na vinajirudia. Azimio 46/182 la Umoja wa Mataifa la mwaka 1991 ndilo lililoweka msingi wa ofisi inayoratibu misaada ya kibinadamu, ambayo leo tunaifahamu kwa jina la OCHA. Mwaka 2005 mashirika yakapangwa kwa sekta: maji, afya, makazi, chakula na kadhalika, kila sekta na kiongozi wake. Kazi ya kila siku ya ofisa wa taarifa katika mfumo huo ni jedwali linaloonyesha nani anafanya nini na wapi. Linachosha kulijaza na linachosha zaidi kulisoma. Bila hilo, mashirika matano hupeleka mablanketi kijiji kimoja cha kando ya lami, na kijiji cha bondeni hakifikiwi na mtu.

Haiti inastahili tusimame hapo kidogo. Tetemeko la tarehe 12 Januari 2010 liliangusha wizara pamoja na makao makuu ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa, na kuwaua baadhi ya wale wale ambao wangeratibu msaada. Pengo likazibwa kwa namna mpya. Wahaiti walituma ujumbe mfupi kwa namba 4636, ndugu zao walioko ughaibuni wakautafsiri kutoka Kikreoli, na wanafunzi huko Marekani wakauweka kwenye ramani kwa kutumia Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya Januari 2008 katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi. Sisi wa Afrika Mashariki tunajivunia jambo hilo, na tuna haki. Lakini mtafiti hana budi kuuliza ni nani aliyebadili uamuzi kwa sababu ya ile ramani, na hapo majibu yanapungua. Ujumbe ulisema familia moja nyuma ya kanisa fulani haina maji. Shirika linaamua kwa malori na kwa wilaya. Kati ya jirani na lori kuna umbali ambao tekinolojia peke yake haikuuziba, na kwa maoni yangu mpaka leo haujazibwa.

Kuhusu idadi zenyewe, jizoeze kuuliza zimehesabiwaje. Meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba; baadhi ya manusura waliokolewa wakiwa wameshikilia magodoro yaliyokuwa sehemu ya shehena. Iliruhusiwa abiria 645. Maiti zilizopatikana zilikuwa 203, na kwa muda ndiyo nambari iliyotajwa. Tume ya uchunguzi ilipotoa ripoti mwaka uliofuata, ilitaja waliokufa na kupotea 1,573. Tofauti hiyo haikutoka baharini. Watu hao walihesabiwa kwa kukosekana kwao, maana rejista pekee iliyokaribia ukamilifu ilikuwa majumbani, kwa walioagana na mtu bandarini na hawakumwona tena. Nambari ya kwanza ilihesabu miili, ya pili ilihesabu mapengo. Gazeti likiziweka kwenye safu moja, msomaji anadhani mtu amedanganya.

Sasa twende Goma, mji wa Kongo unaozungumza Kiswahili, kwa sababu hapo pana somo ambalo darasani hugawanya watu. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka bila onyo rasmi. Kituo cha uchunguzi wa volkano kilikuwa kimepungukiwa fedha baada ya ufadhili kukoma, na kwa miezi kadhaa hata intaneti ya kupokelea data za mitambo haikuwapo. Watu wasiopungua 30 walikufa. Matetemeko yakaendelea, nyufa zikatokea barabarani, na wanasayansi wakaona dalili kwamba magma imejipenyeza chini ya mji hadi chini ya Ziwa Kivu. Ziwa hilo limehifadhi katika kina chake gesi ya kaboni dioksidi na methani. Mlipuko chini yake si jambo la kulisubiri uone. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Constant Ndima, alitangaza kuhamwa kwa mitaa 10 kati ya 18. Watu wapatao 400,000 waliondoka, wengi kwa miguu, kwenda Sake, Rutshuru, Bukavu na ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Sake maji hayakutosha. Watoto walipotezana na wazazi wao. Mlipuko wa pili haukutokea, na Juni watu wakaanza kurudishwa.

Wanafunzi wengi husema gavana alikosea, kwa kuwa lililohofiwa halikutokea. Hukumu ya namna hiyo inapima bahati. Kinachopimwa ni kile alichokijua tarehe 27, na gharama ya kukosea upande huu ikilinganishwa na gharama ya kukosea upande ule. Kwa kipimo hicho mimi namtetea. Siutetei utekelezaji. Ramani ya hatari ilikuwapo, na mitaa ya kuhama ikatajwa. Ramani ya mapokezi, yaani visima vingapi viko Sake, nani atapokea watoto waliopotea, lori la maji litapita wapi, haikuonekana kuwapo kwa kiwango hicho. Ndiyo kasoro utakayoikuta tena na tena ukisoma kumbukumbu za uhamishaji wa watu: sayansi ya mlima imesomwa kuliko takwimu za kata ya jirani.

Kazi nyingi ya maana hufanyika kabla ya siku yenyewe. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, yaliyofanya baadhi ya wakazi wa bonde la Msimbazi wahamishiwe Mabwepande, ukaja mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wenyeji walizunguka mitaa kama Tandale wakichora nyumba, vichochoro na mitaro kwenye ramani ya wazi ambayo yeyote anaweza kuitumia. Anayejua mtaro upi umezibwa kwa ukuta wa nani ni mkazi wa pale, na ukimwuliza anakueleza.

Huko bonde la Msimbazi ndiko ningependa mwanafunzi mpya aanzie. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la mvua kubwa, hutaja kiwango cha athari na uwezekano wa kutokea, na mara nyingi vyote viwili huandikwa kuwa ni wastani. Mama mwenye nyumba ya vyumba viwili Jangwani analipata kwenye kundi la WhatsApp saa tatu usiku. Akihama, vitu vyake vinaweza kuibwa. Asipohama, maji yanaweza kuingia akiwa na watoto usingizini. Naye ni mtoa maamuzi, tena mwenye muda mfupi kuliko waziri. "Wastani" inamtaka afanye nini? Tafiti zilizokaa na watu kama yeye usiku wa mvua, zikaona anasoma nini, anampigia nani na anaanza kunyanyua kitu gani, ni chache mno. Mwenye kutafuta mada ya shahada ya uzamili anaweza kupanda basi la Jangwani kabla masika hayajaanza.