Geita si dhahabu tu, mshikaji!

Mwambie kijana yeyote wa mjini kwamba unakwenda Geita, uone. Swali la kwanza: "Unaenda kuchimba?" La pili: "Ukipata utanikumbuka?" Simcheki mtu, maana hapa kwetu Shinyanga kila mtaa una kijana aliyefunga begi akafuata dhahabu. Lakini msomaji wangu, ukiingia kwa watu hujui pametoka wapi, utapigwa bei hata ya chai.

Tuanze na ramani. Geita iko kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria. Ukitokea Mwanza, zamani ilibidi usubiri kivuko pale Kigongo mpaka uchoke. Tangu Juni 2025 unateleza tu juu ya daraja la Kigongo-Busisi, kilomita 3 hivi, unapita Sengerema, umefika. Usitegemee mbuga tambarare kama zetu. Kule ni vilima, mawe na miti, na ziwa linawapa mvua nzuri kuliko sisi. Hiyo miamba ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ndimo dhahabu ilimojificha.

Wilaya ya Geita ilikuwa Mwanza hadi 2012, ulipozaliwa Mkoa wa Geita. Mkoa huo ulimega kila upande: Chato ikatoka Kagera, Bukombe ikatoka kwetu Shinyanga. Mie nilikuwa bado shule ya msingi. Nikalala Bukombe iko Shinyanga, nikaamka ni ya wenzetu!

Sasa wenyewe ni akina nani? Nchi ile ni ya Wazinza. Kulikuwa pia na Warongo, mafundi wa kuyeyusha chuma na kufua majembe. Yaani kabla Wajerumani hawajaiona dhahabu mwaka 1898, watu wa pale walikwishajua kutoa mali kwenye mawe.

Wasukuma wengi walihamia baadaye. Usukumani ardhi ilikuwa imebana, ng'ombe wengi, watu wengi. Geita ilikuwa pori la mbung'o. Miaka ya 1940 na 1950 mapori yakafyekwa, watu wakavuka na mifugo yao, wakalima pamba na mihogo. Ndiyo maana leo Kisukuma kimejaa kila kona.

Na usidhani walikuwa wapole. Mwaka 1958 serikali ya Mwingereza ilitaka kuwapa halmashauri ya mchanganyiko, ambamo Wazungu na Waasia wachache wangekaa kuwaamulia Waafrika wengi. Wana-Geita wakagoma. Maelfu wakafunga safari hadi Mwanza kudai haki yao, polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Hawakukubali mpaka mpango ukafa. Kumbuka TANU yenyewe ilikuwa imepigwa marufuku Usukumani tangu 1954! Wakulima wa pamba hao, si wachimbaji.

Turudi kwenye dhahabu, najua ndiyo unayoisubiri. Mgodi mkubwa wa kwanza ulianza miaka ya 1930, ukatamba kweli kweli. Mwaka 1966 ukafungwa. Mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Piga hesabu: miaka 34 katikati bila mgodi mkubwa. Wachimbaji wadogo walikuwepo, lakini wilaya ilishikiliwa na nini? Pamba, mihogo, mpunga, samaki wa ziwani.

Hapo ndipo ninapotaka tukubaliane. Dhahabu ilishawahi kuwaaga Geita, na ikishachimbwa haioti tena. Pamba ikivunwa inapandwa upya. Kijana anauza shamba la baba yake ili akanunue hisa kwenye duara, maji yakijaa mle ndani au mwamba ukigoma, anabaki hana duara wala shamba. Wengine wanaoshea kwa zebaki mikono mitupu, halafu maji yale yale yanaelekea kwenye visima na ziwa.

Sisemi usiende. Nenda, mshikaji, lakini ukifika tupa macho nje ya shimo. Mji unaokua unakula: mchele, dagaa, mananasi ya huko huko, mboga. Wapo wanaowalisha wachimbaji na kujenga nyumba bila kushika sururu. Na shamba la mzee, tafadhali, liache lilivyo.