Mtume Paulo na Maisha ya Wakfu
Katika sura ya 7 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, Paulo anakiri kwamba kuhusu useja hana amri ya Bwana; anatoa shauri tu. Asiyeoa, kwake, ana moyo usiogawanyika. Hapo nadhiri ya useja mtakatifu inapata mzizi mmojawapo: ni wito wa hiari, wala haidharau ndoa hata kidogo. Paulo anatoa pia mfano wa kazi ya mikono: yeye mwenyewe alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, asimlemee mtu. Vivyo hivyo Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 48, inawataka wamonaki wale jasho lao kama mitume. Mwaka 1914, huko Alba, Italia, padre Giacomo Alberione alianzisha shirika la kitawa lenye jina la mtume huyo, Shirika la Mtakatifu Paulo, na mtambo wa kuchapia ukawa mimbari yake. Watawa wa kike wenzao, Mabinti wa Mtakatifu Paulo, walioanza 1915, huchapisha vitabu vya Kiswahili jijini Nairobi.