Mshipa wa Fahamu au Neva? Istilahi na Uongozi wa Moyo na Pumzi

Kiswahili kina istilahi mbili kwa nyuzi zinazopeleka taarifa baina ya ubongo na viungo: mshipa wa fahamu na neva. Wapenzi wa lugha wengi huegemea ile ya kwanza kwa kuwa inaeleweka kwa urahisi. Hata hivyo, uchunguzi wa jinsi moyo na pumzi vinavyoongozwa unaonyesha kwamba urahisi huo una hadaa ndani yake.

Moyo hauhitaji amri ya ubongo ili upige. Mwaka 1907, Arthur Keith na Martin Flack walieleza fundo dogo la seli lililo katika chumba cha juu cha kulia cha moyo. Fundo hilo huanzisha mapigo lenyewe, na likiachwa bila kuingiliwa, hufikia takriban mapigo 100 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo machache kuliko hayo kwa sababu neva ya vagasi, itokayo katika shina la ubongo, huyazuia wakati wote. Neva za simpathetiki, kwa upande wake, huyahimiza mtu anapokimbia au anaposhtuka. Mnamo 1921, Otto Loewi alichochea neva ya vagasi ya moyo wa chura, kisha akauwekea moyo wa pili maji yaliyozunguka moyo ule wa kwanza. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo. Ikadhihirika kwamba neva huufikishia moyo ujumbe wake kwa kemikali, ambayo leo huitwa asetilikolini. Vilevile, moyo uliopandikizwa hukatwa neva zake zote, na bado hudunda katika kifua kigeni, tena kwa kasi kuliko kawaida.

Mapafu hayana fundo la namna hiyo. Mdundo wa pumzi huanzia katika shina la ubongo, hushuka kwa ugwe upitao ndani ya uti wa mgongo, kisha hutoka shingoni kwa neva ya freniki hadi kwenye kiwambo, yaani msuli mpana utenganishao kifua na tumbo. Ugwe huo ukikatika juu ya pingili ya tatu ya shingo, moyo huendelea kupiga ilhali kifua hakiinuki. Majeruhi asipopuliziwa hewa mara moja, moyo nao husimama baada ya dakika chache kwa kukosa oksijeni.

Sarufi ya Kiswahili inakaribia sana ukweli huu. Husemwa kwamba moyo unapiga. Moyo wenyewe ndio mtenda. Lakini katika mazungumzo ya kawaida hakuna asemaye kwamba mapafu yanapumua: apumuaye ni mtu. (Isidhaniwe kwamba wazee walijua fiziolojia, mwalimu, hata hivyo, hawezi kupata mfano bora zaidi.) Tena mtu huyo anaweza kubana pumzi, kama afanyavyo mzamiaji, au kuigawa kama afanyavyo mwimbaji. Uhuru huo una mpaka. Hewa ya ukaa ikizidi katika damu, asidi huongezeka, vipokezi vya shina la ubongo huhisi, na mtu hulazimika kuvuta hewa apende asipende.

Hapo ndipo kasoro ya mshipa wa fahamu inapojitokeza. Aliyepoteza fahamu bado anaweza kupumua, na neva zinazouongoza moyo wake bado zinafanya kazi. Mwanafunzi wa huduma ya kwanza anayeamini kwamba mishipa hiyo ni ya fahamu atadhani kwamba fahamu ikitoweka nayo imekoma, na huenda akaacha kukagua pumzi ya mgonjwa. Neno mshipa nalo lina mzigo wake: ni njia ya damu, tena kwa watu wengi ni ngiri. Mganga anayeambiwa “mshipa unaniuma” hana budi kuuliza ni upi.

Wapo wanaoikataa neva kwa kuwa ni ya mkopo. Fahamu nayo ilitoka katika Kiarabu, wala hakuna anayelalamika. Linalobaki kuwa gumu ni mgawanyo wa vitabuni wa neva za hiari na zisizo za hiari: neva ya freniki hutii amri zote mbili, na Kiswahili bado hakina jina lililozoeleka la hali hiyo.