Mwana Ana Jina Kabla ya Jezi

Jua la alasiri linapoanza kulegea, viwanja vya ng'ambo zetu tatu hujaa. Kuanzia Mtongwe na Shika Adabu kule Likoni, hadi Mishomoroni na Mlaleo katika Kisauni, na Chaani na Magongo upande wa Changamwe, vijana humaliza swala ya al-asiri wakaelekea mpirani. Sisi wazazi husimama kando tukatazama, na mara nyingine furaha yetu huzidi yao. Hapana ubaya katika hilo. Afya ni amana, na mchezo wa halali ni miongoni mwa njia za kuitunza. Leo, hata hivyo, twapenda kuwauliza ndugu wasomaji swali ambalo pembeni mwa uwanja haliulizwi: mtoto anayejijua kwa mpira peke yake, hubaki na nini siku mpira unapomwacha?

Twamjua kijana mmoja wa Likoni, ambaye jina lake twalihifadhi. Kwa hakika, hata sisi majirani tulikuwa tumelisahau. Tangu alipokuwa na umri wa miaka 12 aliitwa kwa jina la mshambuliaji mmoja mashuhuri wa Ulaya. Muuza mahamri alimwita hivyo, wenzake wa madrasa walimwita hivyo, na babake mzazi pia. Nyumbani mwao ni bibi yake tu aliyeshika jina alilopewa siku ya saba, siku ya akika yake.

Alipofikia miaka 19 alianguka vibaya katika mchezo wa kawaida tu wa mtaani, na kano moja ya goti ikakatika. Daktari alimweleza kwamba hata akipasuliwa vyema, itamlazimu kusubiri miezi 9 au zaidi kabla ya kucheza tena, na fedha za upasuaji hazikuwapo. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa wageni. Wiki ya nne hakuja mtu. Akawa akishuka feri huzunguka njia ya mbali ili asipite uwanjani. Kisha akaacha kuja msikitini, maana hata hapo kila aliyempa mkono aliuliza jambo moja: "Goti vipi? Utarudi lini?" Twakiri kwamba sisi nasi tuliuliza vivyo hivyo. Hatukuwa na neno jingine la kumwambia.

Waliokuwa na neno jingine ni vijana wa maskani. Nani kati yetu asiyejua yaliyozipata Kisauni na Likoni kwa magenge ya mapanga, na majumba mangapi yameliwa na unga? Makundi hayo hayamvuti kijana kwa fedha pekee. Humwambia: kwetu sisi, wewe ni mtu. Kwa kijana aliyekwisha kuamini kwamba si mtu tena, maneno hayo ni matamu kuliko asali.

Aliyemuwahi ni bibi yake. Usiku mmoja alimkuta amekaa barazani gizani, akamwita kwa jina lake, akamwambia: "Mjukuu wangu, wao wakitwaa jina lao, na watwae. Nililokupa mimi sikukupa kwa sababu ya mguu."

Thamani isiyopimwa kwa ushindi

Maneno ya bibi yule yana asili katika dini yetu. Qur'ani Tukufu yatufunza kwamba Mwenyezi Mungu amewatukuza wanadamu wote, na kwamba aliye mbora mbele Yake ni mwenye kumcha zaidi. Utukufu huo mtoto huzaliwa nao, kabla hajajua kutembea, seuze kupiga mpira.

Wala Uislamu haukudharau michezo. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliandaa mashindano ya farasi pale Madina. Alikuwa pia na ngamia wake, al-Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa katika mbio. Siku moja bedui mmoja alikuja na ngamia wake kijana akampita. Masahaba waliona uchungu mkubwa. Mtume (S.A.W.), kama ilivyopokewa katika Sahihi Bukhari, aliwatuliza kwa kuwaeleza kwamba hakuna kinachoinuka katika dunia hii ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Ngamia alishindwa, lakini hadhi ya mwenyewe haikupungua hata chembe, kwa kuwa haikuwa imefungwa mgongoni mwa ngamia.

Twakumbuka vilevile habari ya Khalid bin Walid (R.A.), mpanda farasi na jemadari asiye na mfano. Khalifa Umar (R.A.) alipomvua uamiri wa jeshi na kumpa Abu Ubayda (R.A.), Khalid hakuasi wala hakwenda kujificha. Aliendelea kupigana chini ya amiri mpya. Cheo kilikuwa kimeondoka, lakini imani yake na ujuzi wake vilikuwa vingali naye.

Hesabu ambayo hatuifanyi

Tupige hesabu ndogo. Ligi kuu ya Kenya ina timu 18. Tuseme kila timu imesajili wachezaji 30. Nafasi zote zitakuwa 540, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 47. Kaunti yetu ya Mombasa peke yake ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.2. Na hata aliyejaliwa nafasi hiyo, akianza na miaka 18 na kustaafu na miaka 33, amecheza miaka 15. Mwenyezi Mungu akimpa umri wa miaka 70, amebakiwa na miaka 37 ya kuishi bila jezi.

Tena mchezo waweza kusimama pasi na kosa la mchezaji. Mwezi wa Machi 2020 maradhi ya korona yalifunga viwanja vyote. Februari 2022 FIFA iliifungia Kenya, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Novemba mwaka huohuo. Wachezaji wa timu ya taifa, wenye miguu mizima, walikaa nje ya mashindano ya kimataifa.

Hatusemi haya ili kuvunja moyo. Mombasa ina fahari yake katika soka: Feisal ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na Bandari imebeba kombe la shirikisho mwaka 2015 na 2019. Kijana na aote ndoto. Lakini atazame pia waliojenga nyumba ya pili mapema. Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968 na 1972, yeye na mkewe walilea mayatima wengi kule Eldoret. George Weah wa Liberia, mchezaji bora wa dunia mwaka 1995, alishindwa katika uchaguzi wa urais mwaka 2005, na watu wakamsema kwamba hana elimu. Alirudi darasani akiwa mtu mzima, akapata shahada, na mwaka 2018 akaapishwa kuwa rais.

Linaloanzia nyumbani

Kwanza, tumwite mtoto kwa jina lake. Lakabu ya uwanjani ibaki uwanjani. Pili, arudipo kutoka mpirani tusianze na "Umefunga mangapi?" Tumuulize alicheza na nani, nani aliumia, na kama waliwahi magharibi. Tatu, kila mchezaji awe na ujuzi wa pili: umeme, ushonaji, ufundi wa mafriji, hifadhi ya Qur'ani, chochote kitakachomfanya ahitajiwe na watu. Na walimu wa michezo twawasihi: mchezaji akiumia, msimfute katika daftari. Mpeni kazi hata ya kuhesabu mipira, ili aendelee kuwa mmoja wenu.

Ndivyo alivyofanyiwa kijana wetu. Mwalimu wake alimkabidhi watoto wa chini ya miaka 13, na ustadhi wa madrasa akamwomba asaidie darasa la wadogo. Sasa anasomea ufundi wa viyoyozi. Goti bado humuuma nyakati za baridi, na asipoulizwa hasemi. Ziko siku ambazo huondoka uwanjani kabla mechi haijaisha.

Jumamosi iliyopita tulimwona akiandikisha watoto wapya. Mmoja, mwenye umri kama wa miaka minane, alijitaja kwa jina la mchezaji wa Ulaya. Kijana aliinua kalamu asiandike. "Hilo la uwanjani," akamwambia. "Bibi yako hukuitaje?"

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu wanaposhinda na wanaposhindwa, na atujaalie sisi wazazi kuwajua kwa majina yao. Amin.