Mwendo wa Mashine: Fundi Achague Mota Gani?

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Wanachama wenzangu, methali hii inawahusu pia mafundi wa mbao wa mtaani kwetu Kawangware na wenzao wa Kibera.

Shida yenyewe ni hii. Mguu wa kiti wa inchi 3 hukerezwa kwa kasi. Bakuli la inchi 12 likizungushwa kwa kasi ile ile, ukingo wake hukimbia mara nne zaidi. Likichomoka, fundi anaweza kupoteza jicho. Ndiyo maana mashine moja yahitaji mwendo zaidi ya mmoja.

Stima ya karakana nyingi za huku ni ya fezi moja, volti 240, hezi 50. Mota ya kawaida yenye ncha nne za sumaku huzunguka kama mara 1,450 kwa dakika, na haipungui mwendo vizuri kwa kupunguziwa volti tu. Jirani yetu mmoja aliifungia mota kama hiyo regyuleta ya feni. Ilinguruma, ikapata moto, nyaya za ndani zikaungua. Akiba yake ya miezi ikaenda hivyo!

Njia ya kwanza ni puli za ngazi na mkanda. Puli ya mota ikiwa ya inchi 3 na ya mashine inchi 6, mwendo hushuka hadi 725, na nguvu ya kuzungusha huongezeka karibu maradufu. Gharama ni ndogo, ila lazima uzime mashine ndipo uhamishe mkanda.

Njia ya pili ni mota ya fezi tatu na kidhibiti mwendo cha elektroniki, kile kinachopokea fezi moja, kikatoa tatu na kubadilisha hezi. Fundi anazungusha kitufe tu. Lakini kibati cha mota kiwe kimeandikwa 240/415, nayo ifungwe kwa delta. Tena, mota ikienda polepole muda mrefu feni yake haiipozi vya kutosha, wala nguvu haiongezeki kama kwa puli.

Je, tuchague ipi? Mjomba wangu hukereza miguu ya viti pekee, basi puli zinamtosha, na pesa zilizobaki alinunulia patasi. Anayebadilisha kazi mara kwa mara kutwa anaweza kuongeza kidhibiti, bila kuzitupa puli zake.

Mwenye macho haambiwi tazama. Kibati kiko ubavuni mwa mota. Kisome kabla hujatoa pesa.